Nne na Mgeni

Siku ya kwanza nilipoiambia kompyuta ijumlishe watu, ilinijibu kwamba nyumba yetu na nyumba ya jirani zilikuwa na watu hamsini na wanne. Wakati wa vita sisi tulikuwa watano, jirani wanne. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua hapo ni tisa. Nilifuta, nikaandika upya, nikapata tena hamsini na nne. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai, na siku ile niliifunga mashine kwa kishindo hadi mkuu wetu wa ofisi akaja kuangalia kama kuna kitu kimeanguka.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Ofisi yetu iko Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka stesheni ya Kindu, na nilikuwa nimekabidhiwa makaye ya zamani ya avenyu, yale madaftari ambamo wakati wa vita waliandikwa watu wa kila nyumba mwezi hadi mwezi. Nilitakiwa niyaingize kwenye kompyuta ili mahakama ione ni nyumba zipi zilipata mtoto miaka ile, maana watoto wengi wa vita wamekua bila cheti cha kuzaliwa. Lugha ya kuiamrisha kompyuta nilijifunza peke yangu kwenye simu, Jumapili baada ya ibada. Jina lake ni jina la nyoka chatu, na mama aliposikia hivyo alisema shughuli hiyo haitafika mwisho mwema.

Ilinichukua siku mbili kulielewa kosa langu. Nilichokuwa nimeingiza hakikuwa namba. Ile 5 yangu ilikuwa maandishi, na kwa mashine maandishi ni maandishi tu, yawe 5 au yawe muhogo. Ukiiambia iyajumlishe, inayapanga moja nyuma ya jingine, 5 kisha 4, na wewe unasoma hamsini na nne. Ili yawe namba lazima uyapitishe kwenye neno dogo la herufi tatu, int, ndipo tano inakuwa tano ya kweli, ya kuongezwa na kupunguzwa. Jambo hilo lilinichanganya na bado linanichanganya. Nilikuwa nimeishi miaka yote hii nikidhani kwamba nikiandika 5, nimeandika tano.

Basi nikaweka int. Programu ikameza avenyu ya kwanza, ikameza ya pili, na kwenye avenyu yetu ikasimama. Ilinitolea mistari ya kulalamika kwamba kuna kitu haiwezi kukigeuza kuwa namba, ikakitaja kitu chenyewe: "4 na mgeni". Nikatafuta ni nyumba ya nani. Ilikuwa nyumba yetu.

Nilicheka peke yangu, kwa sababu mgeni huyo nilimjua. Kwetu mtoto akizaliwa, husemi mmekuwa watu wangapi. Unasema mmepata mgeni, na anabaki mgeni mpaka baba yake ampe jina. Watoto hawahesabiwi kwa vidole pia. Nilipojaribu nikiwa mdogo, mama alinipiga kofi la mkononi. Mgeni wetu alikuwa mdogo wangu wa kike, aliyezaliwa porini kwenye njia ya Kailo tulipokuwa tumezikimbia risasi. Sasa ni muuguzi. Alikuwa amepata nafasi kwenye kituo kimoja cha afya upande uleule wa Kailo, lakini hawakuweza kumwandikisha bila cheti cha kuzaliwa, na orodha yetu ilitakiwa kufika mahakamani Ijumaa. Asipoonekana kwenye orodha, nafasi ingekwenda kwa mwingine. Blauzi nyeupe ya kazi alikuwa ameshaishona, na kila jioni aliipiga pasi ingawa hakuwa ameivaa.

Kwa hiyo nilikuwa na haraka, na haraka ndiyo iliyoniponza. Niliandika amri fupi: chukua tarakimu, tupa maneno. Programu ikakimbia hadi mwisho bila kulalamika. Nilitembea ofisini kifua mbele, nikamwekea mkuu orodha mezani, nikasimama kungoja sifa. Yeye akausoma mstari wa nyumba yetu, akaugonga kwa kalamu. Watu watano kabla ya kukimbia, wanne baada ya kurudi, kisha wanne, wanne, wanne, hadi ukurasa wa mwisho.

"Hapa hakuna mutoto aliyezaliwa," alisema. "Hapa batu bamepunguka tu."

Nilisikia aibu hadi masikioni. Kwa mkono wangu mwenyewe nilikuwa nimemfagia mdogo wangu pamoja na maneno mengine, kama maganda ya ndizi. Nikarudi kwenye mashine, nikaandika amri nyingine: kila penye neno mgeni, ongeza moja. Nne ikawa tano. Nikampigia simu mdogo wangu kumwambia ameshaingia.

"Yaya, na kweli?" aliuliza; yaya ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake.

"Na kweli," nikamjibu, na nilijiamini kabisa.

Mkuu alipoiona ile tano aliridhika, akachukua karatasi nyeupe. Kwa kila nyumba iliyopata mtoto, alisema, mahakama inataka watu watajwe, mmoja mmoja. Watano hao ni nani na nani? Nikaanza bila kufikiri: baba, mama, kaka yangu, mimi, na huyo mgeni. Mkuu aliandika mpaka alipofika mwisho, kisha akarudi kwenye jina la kwanza.

"Na baba yenu, iko?"

"Hapana," nikasema. "Alituacha porini wakati wa vita, hakurudi."

"Sasa iko kwenye hesabu namna gani? Kama iko, aje yeye mwenyewe, sababu baba akiwa hai, yeye njo anamutangaza mutoto. Kama hayuko, asihesabiwe." Mkuu wetu ni mtu mpole, na alilisema kwa upole, lakini nilitoka pale nikiwa sijui nimesimama wapi.

Nilikaa uani, juu ya tofali, nikajaribu kukumbuka. Tulipokimbia tulikuwa watano: bibi, baba, mama, kaka yangu na mimi, na mama alikuwa mjamzito. Siku ya pili bibi alishindwa kutembea. Baba akasema anarudi nyumbani kuchukua kinga, ile baiskeli yake aliyoificha nyuma ya choo, ambebe bibi juu yake, na kwamba kesho yake atakuwa ametufikia. Alimwachia mama koti lake ili akimbie mwepesi. Bibi alifia kando ya kijito kwenye njia ya Kailo, na mgeni akazaliwa porini humohumo wiki chache baadaye, juu ya koti hilo. Tuliporudi Alunguli tulikuta nyumba ipo, mlango haupo, baiskeli haipo, na baba hayupo.

Sasa hesabu. Kwenye mkeka tulikaa mama, kaka yangu na mimi, na mtoto mgongoni. Watatu na mgeni, wanne kwa jumla. Nilihesabu tena na tena, na mbele ya watu nikaficha vidole chini ya kitenge. Kaye ilisema wanne na mgeni. Ile nne ya mwanzo, ile niliyoionea aibu, iliyopatikana kwa kutupa maneno, ndiyo iliyokuwa idadi sahihi ya watu wa nyumba yetu. Nilipokosea nilipatia, na nilipojisahihisha nikakosea. Nikashika kichwa.

Tena kulikuwa na jambo la pili. Nikaifunua kaye hadi mwisho, na kila mwezi palikuwa na maneno yaleyale, 4 na mgeni. Kufikia ukurasa wa mwisho mdogo wangu alikuwa anakimbia na kichupa chake cha maji kutoka mtoni. Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alikuwa ameshapewa jembe na ndoo, na kaye bado inamwita mgeni. Jina lake la shule alipewa na mwalimu aliyechoka kumwita "wewe". Mama hadi leo humwita mgeni wangu, na sisi tulidhani ni mapenzi tu.

Jumatano nilivuka mto kwa mtumbwi kwenda kumtafuta aliyeiandika kaye. Kabla ya vita alikuwa karani wa mabehewa pale stesheni. Treni zilipoacha kufika Kindu, avenyu yetu, alikokuwa akiishi wakati huo, ilimpa kaye, maana alikuwa mtu pekee mwenye mwandiko wa ofisi na asiye na kitu cha kuandika. Nilimkuta nyumbani kwake nyuma ya stesheni, akirekebisha mguu wa kiti. Sikio moja limekufa, ulimi mzima. Alipoiona kaye mkononi mwangu aliweka nyundo chini.

"Miye sikukula chumvi ya muntu," alisema kabla hata hatujasalimiana.

Ilinibidi nimtulize. Mji ulipokuwa umezingirwa, chumvi ilikuwa adimu, na kila mara avenyu yetu ilipoipata iligawiwa kijiko kwa kichwa, kwa kufuata kaye. Kumbe miaka yote hii mzee alikuwa akisubiri mtu aje kumdai vijiko.

"Shikamoo, papa. Hakuna anayesema ulikula. Nataka tu kujua hapa. Tulikuwa batatu na mutoto mugongoni. Wewe uliandika ine na mgeni."

Alisogeza ukurasa karibu na jicho, akaurudisha. "Niliandika vile inatakiwa. Behewa likitoka hapa kwenda Kibombo, likakawia, unalifuta? Hulifute. Linabakia kwenye hesabu mpaka telegramu ifike, iseme limeanguka. Na behewa likifika bila karatasi, unaliandika kando, mgeni, mpaka mwenyewe aje kulitambua. Njo kazi."

"Baba yetu hakuwa behewa," nikamwambia. Hasira ilikuwa imenipanda, na nilijua hainifai kitu.

"Alitoka. Telegramu haikufika." Mzee hakupandisha sauti. "Kila mwezi nilikuwa namuuliza mama yako: iko habari? Anasema: bado. Na huyu mutoto, amepata jina? Anasema: baba yake njo atamupa. Sasa wewe ungeandika nini?"

Nikamuuliza kitu kingine, ambacho sijui hata kilitoka wapi: mama alikuwa akichukua vijiko vingapi vya chumvi?

"Ine," alisema mara moja. "Mgeni hana kijiko. Ine, kila mara."

Kwenye mtumbwi wa kurudi ndipo nilipolikumbuka lile kopo. Lilining'inia kwa waya juu ya mafiga, lenye kifuniko, na ndani yake kulikuwa na chumvi ambayo hatukuruhusiwa kuigusa. Siku moja nililamba kidole changu nikakichovya humo, nikapigwa kama mwizi. Baadaye mdogo wangu alipoanza kula, mama alimtilia chumvi kutoka kwenye kopo hilo, yeye peke yake, nasi tukamwonea wivu. Sikuwahi kujiuliza ile chumvi ilikuwa ya nani.

Alhamisi mchana nilimkuta mama anatwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba, na mdogo wangu amekaa karibu akichambua majani. Nilikuwa nimejipanga njia nzima jinsi ya kuanza. Yote yakanipotea.

"Mama, kompyuta inataka kujua ile ine ya wakati wa vita ilikuwa ya nani na nani."

"Kompyuta njo inauliza, ao ni wewe?"

"Ni miye," nikasema.

Akaendelea kutwanga. Nikamweleza yote, kwa kuparamia, nikirudi nyuma na kuanza upya: kwamba ofisini ile tano haikubaliki bila baba kuja mwenyewe, kwamba nne inakubalika lakini lazima tuseme ni nani ametoka na ni nani ameingia, kwamba karatasi inahitaji sahihi yake na ya yule karani, kwamba ni kesho. Nilisema vibaya. Nilisikia mwenyewe nikisema "kumtoa baba" kana kwamba ni gunia. Mama alitwanga mpaka majani yakawa laini kupita kiasi.

"Miye sijawahi kusema hayuko," alisema mwishowe. "Hata siku moja. Nikisema, na akirudi?"

Mdogo wangu aliweka majani chini. "Mama, acha. Nitatafuta kazi ingine."

Nilimkasirikia, kwa sababu alikuwa anasema uongo na sote tulijua. Nikajikasirikia mimi pia, kwa sababu nilitamani mama aukubali uongo huo ili mambo yaishe. Nilikuwa nataka mdogo wangu apate cheti, na nilikuwa nataka baba abaki pale alipokuwa, kwenye ile nne, na sikuona jinsi ya kuvipata vyote viwili. Mashine ya nyoka inaweza kukugeuzia maandishi kuwa namba kufumba na kufumbua. Haikuulizi namba ile imemchukua nani.

Mama aliufuta mchi kwa kiganja. Alimtazama mdogo wangu muda mrefu, mpaka yule akainamisha uso.

"Chumvi ya baba yako ulikula wewe," alimwambia. "Yote. Sikumwaga hata kidogo." Kisha akanigeukia mimi. "Kesho tunaenda. Umupigie yule mukarani simu, avuke mapema."

Ijumaa asubuhi tulikuwa wote ofisini: mama amevaa kitenge cha kanisani, karani na koti lake la stesheni lililopauka, mdogo wangu na blauzi yake nyeupe, ambayo sijui kwa nini aliona aivae siku hiyo. Nilikuwa nimeshaifuta ile amri ya kuongeza moja. Kwenye mstari wa nyumba yetu, ukurasa wa kwanza baada ya kurudi, nikafungua nafasi mbili: aliyetoka, moja, aliyeingia, moja. Nikabonyeza. Kioo kikaonyesha 4.

Ilikuwa nne ileile ya mwanzo wa wiki. Niliikodolea macho nikitafuta tofauti, na tofauti haikuwepo. Mashine haikuwa imeona kitu chochote.

Mkuu alichukua kalamu, akamwomba mama awataje hao wanne. Mama hakuwataja mara moja. Aliinua mkono wake wa kushoto mezani, mbele za watu, akaanza kuhesabu kwa vidole, yeye ambaye hakuwahi kuturuhusu. Akashika kidole gumba: "Miye." Akashika cha pili, akamtaja kaka yangu. Cha tatu, akanitaja mimi. Kwenye cha nne alisimama, akamwangalia mdogo wangu, akalitaja lile jina la shule, jina la mwalimu, ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

"Na huyu," akasema. "Huyu si mgeni. Iko kwake."

Karani aliweka sahihi yake kwa mwandiko wa ofisi. Mkuu akapiga muhuri, akasema orodha itavuka mto kabla ya saa sita. Mdogo wangu alilia bila sauti, akiishika blauzi isilowe, na mimi nililia kwa sauti, nikasema ni vumbi la makaye.

Mama hakulia. Lakini kile kidole cha mwisho, kile kidogo ambacho hakukitajia mtu, alikuwa amekikunja na kukishika ndani ya mkono wa kulia. Aliweka sahihi kwa kalamu iliyobanwa kati ya vidole vilivyobaki, vibaya, bila kukiachia. Akaaga hivyo. Akaupita uwanja wa ofisi hivyo, akiwa amekishika. Alikiachia tu tulipofika barabarani, kwa sababu pikipiki ilikuwa imesimama na alihitaji mikono miwili ili apande.